Sola Pamoja na Jenereta ya Dizeli kwenye Kinu cha Mpunga: Hatua kwa Hatua

Msimu wa kuvuna mpunga ukifika Ahero, karibu na Kisumu, utasikia jenereta kabla hujakiona kinu. Wenye vinu huniuliza swali lilelile: "Fundi, nikijaza paneli kwenye hilo paa, si nitaachana na dizeli?" Jibu langu huwakera kidogo. Mfumo wa sola na dizeli hupangwa kuanzia kwenye jenereta. Paneli ndizo hufuata.

Nitatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho: jenereta ya kVA 25, kinu kinachovuta kilowati 16 mota zote zikizunguka, kazi ikianza saa tatu asubuhi na kuisha saa kumi. Wewe weka tarakimu za kinu chako.

Hatua ya 1: Pima mzigo

Kibao kilicho kwenye mota kinaonyesha uwezo wake. Kinachovutwa ni kitu kingine. Tafuta klampu mita inayosoma kilowati, si ampia peke yake, upime kila fezi kila saa kwa wiki ya kazi ya kawaida. Fezi moja ikibeba mzigo kuliko wenzake, sawazisha kwanza.

Tazama pia sekunde za kuwasha. Mota inayowashwa moja kwa moja hunyonya mkondo mara tano hadi saba ya ule wake wa kawaida. Ndiyo maana wengi huuziwa jenereta kubwa kupita kiasi: inahimili mshtuko huo asubuhi, halafu inashinda ikiwa nusu tupu. Ukijikuta hapo, nunua softi stata, yaani kifaa cha kuwasha mota polepole, kabla ya kununua paneli hata moja. Ni kifaa cha bei nafuu ukilinganisha na kitakachookolewa.

Hatua ya 2: Jua jenereta yako inakataa kushuka wapi

Hapa ndipo pesa hupatikana au hupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

kVA 25 ukizidisha kwa 0.8 (pawa fakta, kipimo cha kugeuza kVA kuwa kilowati) ni kilowati 20. Injini isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia hewa zaidi) hupungukiwa nguvu kadiri unavyopanda mlima, yapata asilimia 1 kwa kila mita 100. Kimo cha kuanzia hesabu kimeandikwa kwenye kitabu cha mtengenezaji. Pande za Kisumu, mita 1,130 hivi, upungufu ni mdogo. Nakuru, juu ya mita 1,800, usipopiga hesabu hiyo utashangaa jenereta ikizimika ilhali karatasi inasema inatosha.

Sasa sakafu yenyewe, yaani mzigo wa chini kabisa ambao jenereta inafaa kubeba. Injini ya dizeli haipendi mzigo mdogo. Ikishinda chini ya asilimia 30 ya uwezo wake, haipati joto la kutosha, dizeli haiungui yote, masizi hujaa kwenye silinda na ekzosi huanza kudondosha uchafu mweusi wenye mafuta. Kwa jenereta yetu, asilimia 30 ni kilowati 6. Sola haina ruhusa ya kuisukuma chini ya hapo.

Na kuna jambo ambalo wauzaji wengi wa paneli hawalisemi. Jenereta ya kilowati 20 ikibeba mzigo wote hunywa kama lita 6 kwa saa. Ikibeba robo, yaani kilowati 5, hainywi robo ya lita hizo. Hunywa zaidi ya lita 2. Sehemu ya dizeli huishia kuzungusha injini yenyewe, kama matatu inayonguruma stejini ikisubiri abiria. Kwa hiyo kila uniti (kilowati moja kwa saa moja) ya sola itakuokolea robo lita hivi, wala si theluthi ambayo mtu huipata akigawanya lita za siku kwa uniti za siku. Ukiletewa makadirio ya faida, uliza wametumia hesabu ipi.

Hatua ya 3: Sasa chagua paneli

Mzigo kilowati 16, toa sakafu 6, zinabaki 10. Hicho ndicho kipimo cha inverta yako, kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe kama wa jenereta: kilowati 10, fezi tatu. Paneli zinaweza kuzidi kidogo, tuseme kilowati 12, kwa kuwa joto na vumbi havikuachii kipimo cha kiwandani.

Eneo hili hupata wastani wa saa tano hivi za jua kamili kwa siku. Zidisha kwa 12, kisha kwa 0.75 ya upotevu wa kawaida, unapata uniti 45. Kwa robo lita kila uniti, hiyo ni kama lita 11 kwa siku njema ambayo kinu kimefanya kazi mchana kutwa. Zizidishe kwa bei ya dizeli, ambayo EPRA, mamlaka ya nishati na petroli ya Kenya, huitangaza upya tarehe 14 ya kila mwezi. Siku za masika na siku ambazo hakuna mpunga, punguza bila huruma. Paneli haziokoi dizeli ambayo haikuwa inachomwa.

Hatua ya 4: Weka kidhibiti

Usikubali mfumo usio na kidhibiti cha sola na dizeli. Inverta ya kawaida hufuata volti na mawimbi ya jenereta, 415 V na 50 Hz, halafu inamwaga kila ilicho nacho. Mwendeshaji akizima mota mbili ghafla, sola inazidi mzigo, umeme unarudi kwenye jenereta na kuanza kuizungusha. Kidhibiti husoma kilowati za jenereta kila wakati na kuiamuru inverta ipunguze.

Koili za kupimia mkondo zielekee upande sahihi. Zikigeuzwa, kidhibiti kitaongeza sola pale kilipotakiwa kupunguza. Ongeza rilei ya kuzuia umeme kurudi, kama kinga ya mwisho. Na ikiwa stima ya Kenya Power nayo ipo kwenye chenjiova (swichi ya kuchagua kati ya stima na jenereta), weka kikomo cha kutorudisha umeme kwenye laini yao kama huna mkataba nao.

Kazi hii ni ya fundi mwenye leseni ya EPRA ya sola, daraja la T3. Muombe akuonyeshe.

Hatua ya 5: Paa, waya, radi

Tuko karibu kabisa na ikweta, kwa hiyo usibishane sana na mtu kuhusu kaskazini au kusini. Mwinamo wa digrii 10 hadi 15 unatosha mvua isafishe paneli. Kinachosumbua kwenye kinu cha mpunga ni vumbi la makapi. Upepo wa alasiri hutoka Ziwa Victoria, magharibi, basi bomba la makapi liwe mashariki ya paneli. Osha alfajiri, kioo kikiwa baridi.

Inverta ipandishwe ukutani juu ya alama za mafuriko ya zamani. Wakazi wa tambarare za Kano wanajua Mto Nyando hufika wapi. Radi za huku hazina mzaha: vizuia radi upande wa paneli na upande wa jenereta, na athi (waya wa ardhini) moja iliyounganisha fremu, inverta na jenereta.

Hatua ya 6: Kuwasha kwa mara ya kwanza

Washa jenereta, iache ipate joto. Washa mota moja baada ya nyingine. Ndipo uifungulie sola, ukiwa umeiwekea kikomo cha kilowati 3, kisha 6, kisha 10. Inverta ikijizima mara kwa mara, huenda mipaka yake ya mawimbi ni finyu mno kwa jenereta; ipanuliwe kwa kufuata maelekezo ya mtengenezaji.

Kisha jaribio ambalo mafundi wengi hulikwepa: saa sita mchana, jua likiwa kali, zima mota kubwa kwa mpigo. Tazama mita ya jenereta. Ikishuka chini ya 6 kwa sekunde chache kisha ikapanda, sawa. Ikikaa chini au ikisoma hasi, usikabidhi kazi. Wingu nalo likipita, jenereta lazima ibebe zile kilowati 10 papo hapo, kwa hiyo hapa haizimwi mchana.

Kuizima kunahitaji betri na inverta inayoweza kuongoza mfumo peke yake. Kwa kinu cha mchana sioni haraka. Kwa chumba baridi cha samaki pale Dunga, kinachovuta umeme usiku kucha, ningeanza na betri: jenereta iwashwe saa chache ikiwa imebeba asilimia 70 au 80, ichaji, izimwe.

Baada ya hapo

Oili na filta zibadilishwe kwa saa zilezile za zamani, maana injini bado inazunguka muda uleule. Kwenye daftari, usiandike lita kwa siku, andika lita kwa gunia lililokobolewa. Zikikataa kushuka baada ya mwezi, angalia vumbi kwanza, halafu kikomo cha kidhibiti, halafu muulize mwendeshaji kama anawasha jenereta alfajiri kuchaji simu za majirani.