Namna ya Kuanzisha na Kuendesha Ghala la Chakula la Jamii Kisiwani Pemba

Katika shehia nyingi za Pemba, yaani maeneo madogo ya utawala yanayosimamiwa na masheha, njaa haionekani barabarani. Hukaa ndani ya nyumba ambayo mwenyewe amepunguza mlo wa mchana, amewauza kuku wake mmoja baada ya mmoja na bado akiulizwa hali hujibu kuwa ni njema, kwa sababu amelelewa kujisitiri. Husemwa kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, lakini si haki kumwachia mwenye njaa peke yake kazi ya kujitangaza. Ghala la jamii lililopangwa vyema ni lile linaloweza kuifikia nyumba isiyoomba, na mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya kamati, jumuiya na masheha wanaotaka kulijenga ghala la namna hiyo.

Utaratibu unaojulikana duniani kama benki ya chakula ulianza mwaka 1967 katika mji wa Phoenix, Arizona, nchini Marekani, pale John van Hengel alipoanza kukusanya chakula ambacho kingetupwa na kukiweka katika ghala moja ili taasisi zinazowalisha watu zikichukue hapo. Jambo la kuigwa katika utaratibu huo ni mgawanyo wa kazi: ghala kuu hupokea, hupima na huhifadhi, na vituo vidogo vilivyo karibu na watu ndivyo vinavyogawa. Kwa Pemba, ghala kuu linafaa liwe Wete au Chake Chake, mahali ambapo gari hufika hata wakati wa masika, na vituo viwe katika shehia, ndani ya chumba cha madrasa, cha skuli au cha nyumba ya mtu mwaminifu. Kamati isianze kwa kujenga. Chumba cha kuazima chenye paa lisilovuja, sakafu ya saruji na madirisha yenye wavu kinatosha kwa mwaka wa kwanza, mradi jumuiya iwe imesajiliwa kwa mrajis, yaani msajili wa jumuiya, na ina akaunti ya benki yenye watia saini zaidi ya mmoja.

Katika kamati, sheha awe mlezi, kwa kuwa anazijua kaya zake, lakini asiwe mshika funguo. Mlango uwe na kufuli mbili, na kila ufunguo ukae kwa mtu wake, mmoja wao akiwa mwanamke. Wanawake wa vikundi vya kuweka na kukopa wanazijua hali za nyumba ambazo wanaume wa barazani hawazijui, na kamati isiyokuwa nao itagawa chakula kwa kubahatisha.

Kuijua kalenda ya njaa

Kabla ya kukusanya hata kilo moja, kamati ikae na wavuvi, wakulima wa mwani, wachumaji karafuu na wenye maduka, iandike ni miezi gani mapato hupungua na kwa nini. Wakati wa masika vibarua huwa haba na mavuno ya mpunga bado yako mbele. Kusi likivuma kwa nguvu, vyombo vidogo havitoki nje ya miamba, na mchele unaotegemewa sana kutoka nje ya kisiwa huweza kuchelewa kwa sababu meli nazo husubiri hali ya bahari. Kuna pia mzunguko mfupi zaidi unaosahauliwa na wapangaji wengi: wavuvi wa dagaa hutumia taa usiku wa giza, kwa hiyo siku za mbalamwezi nyumba nyingi za pwani hukosa kipato. Ugawaji unaofanywa kila tarehe mosi kwa kuwa ndivyo ofisi zilivyozoea utazikosa siku hizo. Kwa shehia za wavuvi, ni bora ratiba ifuate mwezi wa angani.

Msimu wa karafuu nao uhesabiwe, kwani mchumaji hulipwa kwa pishi na kwa wiki chache fedha huzunguka hadi vijiji vya ndani. Huo ndio wakati wa kuchangisha. Mwenye mikarafuu anayetaka kuchangia auze mwenyewe karafuu zake kwa Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, yaani ZSTC, kisha atoe fedha. Ghala lisipokee karafuu, kwa kuwa biashara yake ina sheria zake na haifai jumuiya ya chakula ijiingize humo.

Chakula kitoke wapi

Chimbuko la kwanza liko ndani ya dini ya walio wengi hapa, lakini linahitaji uangalifu. Zaka ya fitri ni pishi moja, yaani vibaba vinne, ya chakula kikuu kwa kila mtu, na inapaswa kuwafikia wanaostahiki kabla ya Sala ya Idi. Kwa hiyo haiwekwi ghalani hata siku moja zaidi. Kazi ya kamati hapo ni kuikusanya na kuifikisha haraka kwa orodha iliyoandaliwa mapema. Zaka ya mali ina makundi manane ya wanaostahiki na isichanganywe na sadaka, ambayo inaweza kumfikia mhitaji yeyote, akiwa Mwislamu au si Mwislamu. Ziwekwe daftari mbalimbali na magunia mbalimbali, na penye shaka waulizwe masheikh au Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana.

Muhogo hauna haja ya kuletwa ghalani. Ukishang'olewa huharibika ndani ya siku chache, lakini ukiwa ardhini unaweza kukaa miezi. Mkulima aombwe kuahidi matuta kadhaa, yaandikwe, na yang'olewe siku ya kugawa. Kwa maoni yangu, hii ndiyo akiba bora kuliko zote tulizo nazo, na inasikitisha kuona jumuiya zikihangaika kutafuta mchele wa msaada ilhali shamba la jirani lingeweza kuwa ghala. Izingatiwe tu kwamba muhogo mchungu una sumu, kwa hiyo ichukuliwe mbegu inayojulikana kuwa tamu.

Mboga isisahauliwe. Kunde, choroko na mbaazi hukaa vizuri zikikauka, na dagaa wa Tumbe na madiko mengine wachukuliwe wale waliokaushwa juu ya chanja, si waliotandazwa mchangani. Chakula kilichopikwa, kama pilau iliyobaki harusini au chakula cha hoteli, kisiingie ghalani kabisa. Kigawiwe kikiwa bado cha moto, na kilichokaa kwenye joto la kawaida zaidi ya saa mbili kisipokelewe. Vivyo hivyo nyama ya kasa, hata ikiletwa kwa nia njema: Machi 2024 katika Kisiwa Panza, wilaya ya Mkoani, watu tisa walifariki baada ya kuila, wanane kati yao wakiwa watoto.

Kuhifadhi

Adui mkubwa katika kisiwa chenye unyevu kama hiki ni ukungu, kwa kuwa baadhi yake huzalisha sumukuvu, ambayo haiondoki kwa kupika. Mahindi yanayoletwa yapimwe kwa njia ambayo haina gharama. Chukua chupa ya glasi iliyokauka kabisa, tia mahindi hadi theluthi yake, ongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu, funga kifuniko, utikise kwa dakika chache kisha uiache itulie kwa robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi hayo yana unyevu wa zaidi ya asilimia 15 na yarudishwe juani. Ikianguka chini yote, yanaweza kupokelewa, ingawa kwa kukaa miezi mingi unyevu unapaswa kushuka hadi karibu asilimia 13.

Nafaka zilizokauka vyema zitiwe katika mifuko ya kinga njaa, ambayo kwa kuzuia hewa huwaua wadudu bila dawa. Magunia yapangwe juu ya chaga, mbali na ukuta kiasi cha mtu kuweza kupita na kufagia, na kilichotangulia kuingia ndicho kitangulie kutoka. Penye uwezo wa kuchagua, mpunga huhifadhika muda mrefu kuliko mchele.

Kuipata nyumba na kuifikishia

Muulizeni mwenye duka. Msimuombe daftari la madeni, kwa kuwa hiyo ni siri ya wateja wake, bali mumuombe awaambie ni kaya zipi zilizokuwa zikinunua mchele kwa kilo na sasa zinanunua kwa robo. Hakuna fomu ya uchunguzi inayosema zaidi ya hilo. Muulizeni pia mwalimu wa madrasa ni watoto gani wanaosinzia asubuhi, na wahudumu wa afya wa kujitolea ni nyumba zipi zenye wazee wanaoishi peke yao. Jina litakalotajwa na watu wawili wasioshauriana liingie katika orodha, na orodha hiyo isomwe na watu watatu tu.

Kipimo kikadiriwe kwa hesabu. Kwa kawaida mtu mmoja huhesabiwa gramu 400 za nafaka, gramu 60 za kunde au maharage na gramu 25 za mafuta kwa siku. Kaya ya watu watano kwa siku 14 itahitaji kilo 28 za mchele, kilo 4.2 za kunde na kilo 1.75 za mafuta. Ghala changa halitaweza kutoa chote hicho, na hapo ni afadhali kutoa nusu kwa kaya chache kwa msimu mzima kuliko kuzipa kaya zote kibaba kimoja kimoja siku moja ya sherehe.

Makabidhiano yafanyike jioni, kwa kikapu cha kawaida kinachofanana na cha mtu aliyetoka sokoni, na mpelekaji awe jamaa au jirani ambaye kufika kwake hakuleti maswali. Pasipigwe picha. Mfadhili anayeshikilia apigwe picha na mpokeaji aonyeshwe magunia na daftari, na asiporidhika msaada wake uachwe. Nyumba yenye mtoto wa kati ya miezi 6 na miaka mitano ipitiwe na mhudumu wa afya mwenye utepe wa kupimia mkono: mzunguko ulio chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali, na mtoto huyo apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo, kwa kuwa mchele peke yake hautamponya.

Kila mwezi, Ijumaa moja baada ya sala, na pia katika mkutano wa shehia ili wasiosali hapo nao wasikie, itangazwe ni kilo ngapi zimeingia, ngapi zimetoka, ngapi zimeharibika na kwa sababu gani, bila kutaja jina la mpokeaji yeyote. Orodha ya kaya ipitiwe upya kila baada ya miezi mitatu. Kaya iliyoinuka iondolewe kwa mazungumzo ya faragha kabla ya fungu lake la mwisho, na ikipenda, iulizwe kama ina tuta la muhogo la kuahidi kwa msimu unaofuata.