Laptopu moja na sufuria ya maji: fundisha hesabu na fizikia kipindi kimoja

Walimu wenzangu wa hesabu na sayansi huku Moshi na Arusha, naombeni tusisubiri mpaka shule ipate chumba kizima cha kompyuta ndo tuanze kufundisha kwa kompyuta. Shule niliyofundisha mwanzo kompyuta zilikuwepo, zimefunikwa vitambaa, ufunguo anao mtu mmoja, ukiomba unaambiwa watoto wataharibu, zikakaa hivyo mpaka zikafa. Inaniuma mpaka leo. Laptopu yako moja na projekta ya kuazima inatosha, na kama projekta hamna watoto wanakuja mezani kwa makundi.

Mimi naanzaga na maji ya kuchemsha. Wameshakariri kwamba maji yanachemka nyuzi 100, sawa, lakini hiyo ni usawa wa bahari, huku kwetu mlimani hayafiki hapo. Siku chache kabla ya kipindi chukua themometa ya lab, chemsha maji mjini, usome yakiwa yanatokota kabisa na themometa isiguse chini ya sufuria, maana chuma kitakudanganya. Halafu themometa hiyo hiyo, sio nyingine, ndo uitumie shuleni mbele ya darasa. Mimi Moshi mjini nilipata 97, na shuleni kwetu huku juu Marangu tukapata 95. Urefu kutoka usawa wa bahari simu yenye GPS inakupa, mjini ilinipa kama mita 850 na shuleni 1,450. Nukta ya tatu ni ya baharini, mita 0 na nyuzi 100, hiyo nilitoa kitabuni na watoto niliwaambia wazi, usiwafiche ipi umepima na ipi umesoma.

Kabla hujawasha chochote uliza: kilele cha Uhuru, mita 5,895, maji yatachemka nyuzi ngapi? Waandike kwenye daftari, wasijibu kwa mdomo, maana akishasema yule anayejuaga wote wanamfuata. Hapa usiharakishe kabisa. Wengi wataandika 100, wengine watapandisha, wengine watasema huko kuna barafu hayachemki. Mwaka jana binti mmoja akanyoosha mkono akasema baba yake ni mpagazi na anasemaga maharage huko juu hayaivi hata uyachochee vipi, darasa zima likamgeukia, nikajua hapo somo limeshaanza.

Sasa fungua Excel, au LibreOffice Calc ambayo ni ya bure na kazi hii inafanya vizuri tu. Safu ya kwanza weka urefu, safu ya pili nyuzi, na anayechapa awe mwanafunzi, wewe kaa mbali na kibodi. Chagua namba zote, nenda Insert, chukua chati ya Scatter, na tafadhali sana sio ya Line, maana Line inapanga nukta kwa umbali sawa, kama vile kutoka 0 mpaka 850 ni sawa na kutoka 850 mpaka 1,450, mstari unakuwa wa uongo na watoto hawatajua. Bonyeza kulia juu ya nukta moja, chagua Add Trendline, yaani mstari unaopita karibu na nukta zote, weka tiki kwenye Display Equation. Mimi ilinitokea y = -0.0035x + 99.98.

Simama hapo hapo. Hiyo y = mx + c wameibeba kichwani tangu kidato cha kwanza bila kujua inasaidia nini, sasa waulize ile m yenye alama ya kutoa inasema nini. Wakigawanya wenyewe watafika: ukipanda karibu mita 300, joto la kuchemka linashuka digrii moja. Na 99.98 ni wapi? Baharini, Tanga, Dar. Kisha funga laptopu, waweke 5,895 kwenye equation wakokotoe kwa mkono, watapata 79 na pointi, na huko kileleni kweli maji yanachemka kwenye 80 hivi. Ndo uingie kwenye presha ya hewa sasa, wako tayari kuisikia. Mlioko Arusha mji uko kama mita 1,400, pimeni kwenu halafu wakokotoe Mlima Meru, mita 4,562.

Kwa somo la umeme tumia PhET, yaani majaribio ya kwenye kompyuta ya Chuo Kikuu cha Colorado, ni bure na baadhi zina Kiswahili. Ukiwa na bando pakua faili la ile ya sakiti, ukishalihifadhi linafunguka kwenye brauza bila intaneti. Laptopu chaji usiku, luku ikiisha au umeme ukikatika kipindi kinaendelea. Unganisha balbu mbili kwa mfululizo, na kabla ya kuwasha swichi waandike ipi itawaka zaidi. Wengi watasema ya kwanza kwa sababu inakula umeme kabla ya mwenzake. Wakishaona zinawaka sawa, wape betri za tochi, waya na balbu ndogo mbili wafanye kwa mikono yao, maana betri ya kwenye skrini haichoki na waya wake haulegei. Balbu za dukani zikiwaka tofauti kidogo usiogope, wazibadilishe nafasi, wataona ile hafifu inabaki hafifu hata ikikaa ya kwanza.