Somo: Kuuona Mlima Kilimanjaro kutoka chini, bila kuupanda

Wapo watu wanaofunga safari kutoka Dar, Dodoma, hata Mombasa, wanalala Moshi siku moja, kisha wanaondoka bila kuuona mlima. Wameona mawingu tu. Inaniuma, kwa sababu mara nyingi mlima ulikuwa wazi alfajiri wakati wao wamelala, au ulikuwa wazi upande wa pili. Somo hili ni la wasiotaka au wasioweza kupanda, lakini wanataka kuutazama vizuri.

Hatua ya 1: Chagua saa kwanza, hoteli baadaye

Kibo, kilele kirefu kuliko vyote vya mlima huu, kina urefu wa mita 5,895, na chini yake mlima umezungukwa na msitu mnene wenye unyevu mwingi. Jua likishapanda, hewa ya msituni inapata joto, inapaa, inapoa huko juu na kugeuka wingu. Ndiyo maana saa 12 na nusu asubuhi unaona mpaka mikunjo ya barafu, na saa 4 huoni chochote. Kuanzia saa 11 jioni hewa inapoa, mawingu yanashuka, na kilele huchomoza juu yake.

Basi ratiba ya "tufike mchana, tupige picha, tugeuze" ndiyo inayowanyima watu mlima. Weka malazi ya siku mbili angalau, upate asubuhi mbili na jioni mbili. Ukiweza kuzilenga siku za mwezi mpevu, fanya hivyo. Usiku mweupe, barafu ya Kibo inaonekana ukiwa Moshi mjini, na watu wengi wanaikosa kwa sababu hawakutoka nje kutazama.

Hatua ya 2: Mwezi

Kwa upande wa Moshi, Januari na Februari ndiyo miezi ninayoiamini. Masika, yaani Machi hadi Mei, mawingu ni mengi, ila mvua ikikatika asubuhi moja utakuta theluji mpya na hewa iliyosafishwa vumbi lote.

Juni hadi Agosti inawadanganya wengi. Mvua hakuna, lakini Moshi ni baridi na wingu linaweza kukaa siku nzima. Pepo za kusini mashariki kutoka baharini zinagonga upande huu kwanza na kumwaga unyevu wake hapa. Upande wa kaskazini umekingwa na mlima wenyewe, kwa hiyo ni mkavu zaidi. Tena miezi hiyo jua liko kaskazini, linaangaza uso unaotazama Amboseli. Desemba na Januari liko kusini, linaangaza uso wa Moshi.

Hatua ya 3: Upande

Hapa ndipo penye uamuzi wenyewe. Wengi hudhani ukisogea karibu utaona zaidi. Panda Machame au Kibosho uone: migomba, kahawa na migongo ya vilima vinaziba kilele. Rudi nyuma. Kutoka Moshi shuka kusini kuelekea kiwanda cha sukari cha TPC, kwenye mashamba ya miwa. Ardhi ni tambarare, na mlima wote unasimama mbele yako: Kibo kushoto, na kilele cha pili, Mawenzi yenye meno, kulia.

Rombo, upande wa mashariki, ni mahali pa Mawenzi. Kilele hicho kina mita 5,149, mwamba mtupu uliochongoka, na jua la asubuhi linaupiga usoni. Watalii wachache hufika huko, na sijui kwa nini, maana kwangu huo ndio uso mkali kuliko zote.

Magharibi, pita Boma Ng'ombe na Sanya Juu hadi maeneo ya Ngare Nairobi. Huku nenda jioni. Jua linapozama linaangaza ukuta wa magharibi wa Kibo, na barafu inageuka rangi ya chungwa kwa dakika chache. Kaa tayari mapema.

Kaskazini ni Amboseli, Kenya, ambako tembo hupita mbele ya mlima. Mle hifadhini kuna kilima cha Noomotio, ambapo unaruhusiwa kushuka garini na kupanda kwa miguu.

Hatua ya 4: Usafiri na malipo

Moshi hadi Himo, Marangu na Rombo daladala zipo. Magharibi kodi gari, kwa sababu jioni usafiri wa kurudi ni shida. Ukiingia Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, beba kitambulisho cha taifa, kwani kiingilio cha raia ni tofauti kabisa na cha mgeni. Hakiki viwango na TANAPA, shirika la hifadhi za taifa Tanzania, kabla ya kuondoka, na usitegemee kulipa taslimu getini.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, shikamoo. Nakuja na mama yangu, ana miaka 70 na magoti yanamsumbua. Tufanyeje?*

Marahaba. Mama asitembezwe bure. Tafuta gesti ya Moshi yenye baraza au paa linalotazama kaskazini, mwekee kiti na chai saa 12 asubuhi. Jioni moja mpeleke magharibi kwa gari.

*Nataka kuingia mlimani kidogo tu, siku moja. Inawezekana?*

Inawezekana, ndugu. Kutoka geti la Marangu unapanda na mwongozaji hadi kambi ya Mandara, mita 2,720, kisha kama robo saa zaidi hadi kreta ya Maundi, unakoviona Kibo na Mawenzi. Anza mapema sana, maana unashindana na wingu.

*Napanda ndege Dar kwenda KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro. Nikae upande gani?*

Kulia, dirishani. Uwanja uko kusini magharibi mwa mlima. Ukirudi Dar, kaa kushoto.

*Niko Nairobi, kiingilio cha Amboseli kimenizidi. Kuna njia nyingine?*

Ipo, kaka. Pita Emali hadi Kimana au Oloitokitok. Huko uko nje ya hifadhi na mlima unauona. Ukiwa pale usipige picha za watu au mifugo bila kuomba.

*Simu yangu inaufanya mlima uwe kitu kidogo kule mbali. Kosa ni langu?*

Hapana dada, lenzi pana za simu ndivyo zilivyo. Weka kitu mbele: mgomba, mti wa mgunga, paa la nyumba. Futa lenzi kwa kitambaa na usivute picha kwa vidole.

*Na kama siku zote mbili mlima umejifunika?*

Mpigie simu dereva au mwenye gesti wa upande mwingine umuulize anaona nini wakati huo. Moshi ikiwa imefunga, magharibi au Rongai, upande wa kaskazini, huenda ni kweupe. Kama kote kumefunga, nenda Ziwa Chala mpakani mwa Tanzania na Kenya, ziwa la kreta lenye maji ya kijani na buluu. Kaa huko hadi saa 11 jioni, kisha tazama tena.