Kumtunzia Kobe Joto na Kumwandaa kwa Usingizi wa Baridi

Mwezi wa Septemba, mchana unapozidi kufupika nchini Uingereza, kobe wengi wanaofugwa majumbani hupunguza kula na kutafuta pembe za kujificha. Kabla ya kushughulika na boksi au jokofu la kumlazia, mfugaji hana budi kuwa na hakika kwamba kobe wake ni wa jamii inayolala usingizi mrefu wa miezi ya baridi. Testudo hermanni wa kusini mwa Ulaya, Testudo graeca wa Afrika Kaskazini na nchi nyingine za Mediterania, na Testudo horsfieldii wa nyika za Asia ya Kati huzaliwa na tabia hiyo. Kobe mwenye madoa, ambaye aliyekulia Kenya au Tanzania huenda amewahi kumkuta akivuka njia, hana tabia hiyo, wala hawana kobe wa Saheli na wale majitu wa kisiwa cha Changuu, Zanzibar, ambao asili yao ni Aldabra, visiwa vya Shelisheli. Hao wanahitaji joto mwaka mzima, na kuwaweka baridini kwa matumaini kwamba watalala ni kuwaua polepole.

Kobe hatengenezi joto lake mwenyewe. Hulipata kutoka nje, na bila hilo tumbo lake haliwezi kusaga chakula. Kwa hiyo, awe analala au halali, katika siku zake za kawaida apewe mahali pa kuota joto chini ya taa, panapofika nyuzi 30 hadi 35 za Selsiasi, na upande wa pili wa kizimba ubaki karibu na nyuzi 20 ili aweze kujichagulia. Taa na itoke juu, kama jua, kwa maana mawe yanayopashwa kwa umeme humuunguza tumbo pasipo yeye kuondoka upesi. Anahitaji pia taa ya miale ya UVB, miale isiyoonekana iliyomo katika mwanga wa jua, ambayo humwezesha kutumia kalsiamu kwa ajili ya mifupa na gamba. Kumweka dirishani hakutoshi, kwani kioo huzuia sehemu kubwa sana ya miale hiyo, na balbu yenyewe hudhoofika ingawa bado inawaka, hivyo ifuatwe ratiba ya kuibadilisha iliyotolewa na mtengenezaji.

Mwishoni mwa kiangazi, mpeleke kwa daktari wa wanyama mwenye uzoefu wa reptilia, ili achunguzwe macho, mdomo, pua na uzito, na kinyesi chake kipimwe minyoo. Kobe mgonjwa, aliyekonda, au uliyempata majuzi na usiyejua historia yake asilazwe mwaka huo. Aendelee kupata taa na chakula mpaka majira ya kuchipua, na hatadhurika kwa kukosa usingizi wa msimu mmoja.

Aliyethibitishwa kuwa mzima husimamishiwa chakula kabla ya kulala, takriban wiki mbili kwa mdogo na wiki nne kwa mwenye uzito wa kilo mbili au zaidi, kwa sababu chakula kinachobaki tumboni katika baridi huoza na kuleta gesi na sumu. Hapa ndipo wengi hufanya haraka: huondoa chakula na kuzima taa siku hiyo hiyo. Joto linapaswa kuendelea katika siku za mwanzo za mfungo, maana ndilo linalosukuma kilichomo tumboni kitoke, na katika wiki ya mwisho ndipo taa ipunguzwe saa, kisha nyuzi, hadi kobe azoee ubaridi wa chumba. Muda wote huo aogeshwe kila siku, kwa dakika kama 20, katika maji ya vuguvugu yasiyovuka kidevu chake, apate kunywa na kujaza kibofu, kwa kuwa maji hayo ndiyo akiba yake ya safari nzima.

Usingizi wenyewe unataka nyuzi 3 hadi 7, na 5 ndiyo salama zaidi. Chini ya sifuri macho huweza kuharibika na mnyama akafa. Juu ya 10 huanza kuamka, akachoma akiba yake ya mwili bila uwezo wa kula. Ubaridi wa katikati, ule wa korido au stoo ya nyumba yenye hita, ndio ninaouogopa kuliko wote, kwa sababu hauonekani kuwa hatari. Ndiyo maana jokofu la pekee, lisilo la chakula cha familia, hufaa kuliko boksi la banda la bustani: kobe huwekwa ndani ya boksi lenye matundu na udongo mkavu kiasi, kipimajoto husomwa kila siku, na mlango hufunguliwa kwa muda mfupi ili hewa ibadilike. Jokofu hilo lijaribiwe likiwa tupu kwa wiki kadhaa kabla.

Mpime kwa mizani kila wiki. Kupungua kwa asilimia moja hivi ya uzito kwa mwezi ni kawaida. Akikaribia kupoteza asilimia 10 ya uzito aliolala nao, aamshwe. Aamshwe mara moja vilevile akikojoa, kwa kuwa amepoteza akiba ya maji. Mdogo anayelala kwa mara ya kwanza huachwa wiki chache tu, na mkubwa mwenye afya asizidishwe wiki 16.

Kumwamsha hakuna ugumu. Mtoe jokofuni, akae saa kadhaa katika joto la chumba, kisha mwogeshe kwa maji ya vuguvugu na umweke chini ya taa. Kunywa huja kwanza, na chakula hufuata baada ya siku moja au chache. Ikipita wiki bila kula, arudi kwa daktari.