Chikungunya imeisha, viungo bado vinauma: jinsi ya kuvitunza

Homa ya chikungunya kwa kawaida huondoka ndani ya wiki moja. Maumivu ya vidole, viwiko, magoti na vifundo vya miguu ndiyo hubaki: wiki kadhaa, miezi, na kwa baadhi ya watu zaidi ya mwaka. Waliougua Lamu mwaka 2004 na Mombasa mwishoni mwa 2017 wanaujua mzigo huu. Kinachouma ni viungo vilivyovimba kwa ndani, kwa hiyo antibayotiki na dawa za malaria hazitakusaidia.

Siku 14 za mwanzo tangu homa ianze, tumia parasetamoli peke yake. Mtu mzima mwenye kilo 50 au zaidi ameze vidonge 2 vya miligramu 500 kila baada ya saa 6 hadi 8, visizidi 8 kwa saa 24. Hesabu na parasetamoli iliyomo kwenye dawa za mafua, maana hapo ndipo wengi huzidisha na kuumiza ini. Mwenye ugonjwa wa ini au mnywaji wa pombe aulize kipimo chake kwanza.

Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini ziache hadi uhakikishe huna homa ya dengi. Mbu wa Aedes, anayeuma mchana, ndiye anayeambukiza magonjwa yote mawili, na dawa hizi zinaweza kumletea mgonjwa wa dengi kutokwa damu. Siku hizo zikipita na dengi haipo, ibuprofeni miligramu 400 mara 3 kwa siku baada ya kula, kwa siku 5 hadi 7, husaidia. Isiguswe na mjamzito, mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au wa moyo. Mzee na mwenye presha waulize daktari kwanza.

Tahadhari kubwa ni deksamethasoni na prednisoloni (dawa za steroidi, zinazozima uvimbe) zinazouzwa bila cheti cha daktari. Unapata nafuu kesho yake, ukiacha maumivu yanarudi kwa kishindo, unanunua tena. Huku nyuma sukari na presha zinapanda. Ukishazimeza kwa wiki kadhaa, kuziacha ghafla ni hatari: mwili umezoea kutozalisha homoni yake yenyewe. Unga wa "mitishamba" unaoondoa maumivu yote kwa saa chache nao ushuku, huenda umechanganywa na dawa hizo hizo.

Asubuhi, viungo vikiwa vimekakamaa, tumbukiza mikono kwenye beseni la maji ya uvuguvugu kwa dakika 10. Humo humo kunja ngumi taratibu, hesabu hadi 5, kunjua vidole vyote. Rudia mara 10. Kisha keti kwenye kiti, nyoosha mguu mmoja mbele, ukaze paja kwa sekunde 5, ushushe. Mara 10 kila mguu. Zungusha vifundo vya miguu pande zote mbili. Fanya hivyo tena jioni. Ikiwa saa 2 baada ya mazoezi maumivu yamezidi yalivyokuwa kabla, kesho punguza nusu, lakini usiache kabisa: kulala kutwa hudhoofisha paja, na goti ndilo hubeba uzito wote. Kiungo kilichovimba na chenye joto kiwekee barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 10 hadi 15.

Kukamua nguo huumiza viwiko na viganja kuliko kazi nyingi za nyumbani. Zianike zikichuruzika. Maji beba nusu ndoo kila mkono, usibebe ndoo moja iliyojaa.

Nenda hospitali siku hiyo hiyo kiungo kimoja kikiwa chekundu, cha moto na homa imerudi (huenda kina usaha), miguu ikilegea, au mkojo ukiwa wa rangi ya kahawia. Uvimbe ukipita miezi 3, omba rufaa kwa daktari wa viungo akupime baridi yabisi, kwani dalili zinafanana sana na matibabu yake hayafai kucheleweshwa.