Milango mirefu, bando fupi: ninavyopima picha za blogu yangu

Blogu yangu ni ya milango ya Mji Mkongwe, Unguja. Mwanzoni nilipakia picha kama zilivyotoka kwenye simu: pikseli 4000 kwa 3000, kila moja MB 4 hivi. Makala moja, picha 12. Shangazi yangu wa Pemba akanipigia: "Mwanangu, nimeuona mlango mmoja na nusu, bando likakata." Kupiga hesabu, karibu MB 48, kwa kutazama mbao!

Ila kwenye umbo ndiko nilikoharibu zaidi. Nilitaka picha zote zifanane, nikazikata kwa uwiano wa 16:9 (upana kwa kimo) kama video. Sasa mlango wetu ni mrefu: juu nakshi, pengine na aya au mwaka uliochongwa, katikati unashuka mfaa, ule mti wa kati ya mbao mbili. Ukiukata kwa mlalo unabaki na misumari ya shaba na komeo. Halafu wasomaji wengi hushika simu wima. Skrini ikiwa na upana wa pikseli 1080, picha ya 16:9 hupata kimo cha 608 tu; ya 4:5 hupata 1350.

Siku hizi kitu kilichosimama nakipa picha iliyosimama, 4:5. Majahazi na pwani ya Forodhani, mlalo wa 3:2. Mraba naupa ua moja la nakshi, au bakuli la urojo lililopigwa kutoka juu. Zile ndefu za 9:16 siziweki. Msomaji anasukuma kidole mpaka achoke kabla hajaikuta sentensi.

Unapopiga, jibanze ukuta wa pili uache nafasi pembeni. Kukata utakata nyumbani, ukuta ambao hukuupiga utautoa wapi? Usikimbilie lenzi pana ya 0.5 kwa sababu kichochoro ni chembamba: mlango utapinda kama umelewa.

Kisha napunguza. Upana 1080 kwa za wima, 1200 kwa za mlalo. Natumia Squoosh, programu ya kuminya picha inayofanya kazi ndani ya kivinjari: JPEG, ubora 75 kati ya 100. Naikuza nakshi niitazame. Kingo zikiwa na ukungu napandisha hadi 80. Nakshi haiminyiki kirahisi kama anga tupu, kwa hiyo picha ikishuka chini ya KB 250 nimeridhika. Picha 12 sasa hazizidi MB 3.

Picha inayotokea mtu anaposambaza kiungo ni 1200 kwa 630. Hapo mlango hauingii hata ufanyeje. Naweka baraza, na wazee wakiniruhusu, na kahawa yao.

Rafiki akikupa picha kwa WhatsApp, mwombe aitume kama faili. Ikija kwa njia ya kawaida imeshaminywa, na wewe ukiiminya tena, nakshi inageuka uji.