Kuzunguka Mam Tor kwa miguu kutoka Castleton, hatua kwa hatua

Njia hii ya kuzunguka mlima Mam Tor iko Derbyshire, ndani ya Peak District, eneo la kwanza Uingereza kutangazwa hifadhi ya taifa (1951). Inaanzia na kuishia katika kijiji cha Castleton. Ni kama kilomita 12, na ukihesabu vituo vya chai na picha, itakuchukua saa nne hadi tano. Wageni wengi huegesha gari karibu na kilele, wakapanda ngazi, wakapiga selfi na kuondoka. Hao wameona mandhari tu.

Ninapowaongoza wenzangu nashikilia jambo moja: tuzunguke kutoka magharibi kwenda mashariki. Upepo wa huku mara nyingi hutoka magharibi, kwa hiyo juu ukingoni unakusukuma mgongoni. Halafu pale penye mwinuko mkali zaidi, Back Tor, utapapanda badala ya kupashuka. Magoti yako yatashukuru.

Kabla ya kutoka

Vaa buti zenye meno. Raba za mjini hazifai kwenye tope la huku. Jinzi iache nyumbani, ikilowa haikauki na inakupoza mwili. Beba koti la mvua hata kama kumekucha jua kali, na ramani ya karatasi ya Ordnance Survey (shirika la ramani la Uingereza), namba OL1, ya skeli ya 1:25,000. Simu ni nzuri, ila baridi humaliza chaji na mtandao hukatika mabondeni. Chakula ni hiari yako. Mimi hukunja chapati na mayai, maana sandwichi baridi katika upepo ule ni adhabu.

Angalia pia mwanga. Mwezi Desemba jua huzama kabla ya saa kumi alasiri, kwa hiyo ondoka kijijini kabla ya saa nne asubuhi. Mwezi Juni una nafasi hadi saa tatu usiku.

Hatua ya 1: Toka kijijini kupitia barabara ya zamani

Elekea magharibi. Barabara itagawanyika, ya kushoto inaingia Winnats Pass, korongo la mawe ya chokaa lenye kuta ndefu. Linapendeza, lakini lami ni nyembamba na magari ni mengi wikiendi. Wewe fuata barabara ya zamani inayokwenda moja kwa moja.

Kabla ya kufika pale barabara ilipovunjika, tafuta Odin Mine, moja ya migodi ya kale zaidi ya madini ya risasi nchini Uingereza. Kando ya barabara limebaki gurudumu kubwa la jiwe lenye mkanda wa chuma, likiwa juu ya reli ya duara. Farasi alilizungusha, nalo likaponda mawe yenye madini.

Hatua ya 2: Panda barabara iliyovunjika

Hapa usiwe na haraka. Barabara hii ilijengwa mwanzoni mwa karne ya 19 ili kukwepa mteremko wa Winnats. Tatizo ni kwamba ilipitishwa juu ya maporomoko ya ardhi ambayo yamekuwa yakisogea kwa maelfu ya miaka. Chini kuna miamba laini ya tope lililoganda, juu yake mawe ya mchanga yaliyo mazito. Maji yakipenya, upande mzima wa mlima unateleza. Mafundi walitengeneza, ikakatika, wakatengeneza tena. Mwaka 1979 wakaifunga kwa magari moja kwa moja.

Inama utazame pale lami ilipopasuka: utaona matabaka yamepandana kama keki, kila tabaka ni mara nyingine walipojaribu. Mstari mweupe wa katikati unakwenda vizuri, ghafla unadondoka na kuendelea huko chini. Usisimame ukingoni mwa nyufa.

Hatua ya 3: Kilele cha Mam Tor, mita 517

Ukimaliza barabara hiyo, panda hadi Mam Nick, uwazi ambamo barabara ya Edale inapita. Kutoka hapo ngazi za mawe zinakufikisha juu. Kabla ya kilele utakatiza tuta na handaki: hiyo ni ngome ya kale. Watu waliishi humu zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, na wachimbuaji wa miaka ya 1960 walikuta sakafu za vibanda zimechongwa mtelemkoni. Kwa nini mtu alale kwenye upepo huu? Geuka pande zote, uone bonde la Edale kaskazini na la Hope kusini. Hakuna mgeni ambaye angekukaribia bila wewe kumwona.

Hatua ya 4: Ukingo

Fuata njia ya mabamba ya mawe kuelekea mashariki. Hollins Cross ndiyo njia panda yako ya kuamua. Mawingu yakishuka au mtoto akichoka, shuka kulia urudi Castleton. La sivyo endelea hadi Back Tor, panda taratibu ukijiweka mbali na genge la kushoto, kisha maliza Lose Hill, mita 476.

Mageti yaache kama ulivyoyakuta. Kuta za mawe zimepangwa bila saruji, usizipande. Mtu akiumia, piga 999, omba polisi, kisha uwaambie unahitaji kikosi cha uokoaji wa milimani. Bila mtandao, puliza filimbi mara sita kwa dakika, pumzika dakika moja, rudia.

Hatua ya 5: Kushuka

Shuka upande wa kusini hadi mashambani, kisha shika njia za kulia zenye vibao vya Castleton. Mbele yako, juu ya kijiji, utaona ngome ya Peveril Castle. Mnara wake mkuu ulijengwa mwaka 1176, enzi za Mfalme Henry wa Pili. Kiingilio kinalipwa, na kuna mlima mwingine mfupi wa kupanda, kwa hiyo ulizane na miguu yako kwanza.

Uliyekuja kwa treni unaweza kushuka Lose Hill moja kwa moja hadi kijiji cha Hope, ila kituo cha treni kiko nje yake. Jiongezee dakika 20. Ratiba ya basi ipige picha asubuhi, hasa Jumapili.